Harrier ya rafiki wa shemeji

Swali: Dada, shikamoo. Naishi Reading, Uingereza, tangu 2014. Desemba hii nakuja nyumbani wiki tatu na mke wangu na watoto wawili, wa miaka minne na saba. Tutakaa Dar kwa mama, Tabata, halafu Krismasi twende Moshi kwa wakwe, kisha turudi tuage. Shemeji amenitafutia gari, Harrier ya rafiki yake, kwa karibu nusu ya bei niliyotajiwa na kampuni ya kukodisha. Nimeuliza habari ya bima, akasema ipo, nisihofu. Leseni yangu ya Bongo iliisha muda 2017, lakini ninayo ya Uingereza. Pia kadi yangu ya benki ya huku imeandikwa kwamba ina bima ya magari ya kukodi. Je, nichukue Harrier?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwa jinsi ulivyoieleza, usiichukue. Inawezekana ukaja kuichukua baadaye, mwenyewe akikuonyesha karatasi nitakazozitaja hapa, lakini kwa maneno ya "ipo, usihofu" hapana.

Nimekagua madai ya ajali za magari hapa mjini kwa miaka kumi na sita, na sijawahi kukutana na mtu aliyesema gari lake halina bima. Yote yana bima. Hata lile lililolala chini ya mwembe tangu mwaka juzi lina bima. Ninachouliza mimi ni bima ya aina gani, imekatwa kwa matumizi gani, na inamtambua nani akiwa kwenye usukani. Watu huuliza la kwanza tu, na faili nyingi zilizokwama mezani kwangu zilikwamia kwenye la pili.

Tuanze na aina, japo hili huenda unalijua. Sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na ile tunayoiita bima ndogo. Hiyo ni kwa ajili ya watu wengine: ukimgonga mpita njia, ukimvunja mguu kijana wa bodaboda, ndiyo itakayosimama. Gari lenyewe unaloendesha halimo. Likipondeka au kuibwa, hiyo ni juu yenu. Bima kubwa ndiyo inayobeba na gari lenyewe. Kwa miaka mingi bima ndogo ya gari dogo la binafsi imekuwa shilingi 118,000 kwa mwaka, VAT ikiwa ndani. Kubwa kwa kawaida imekuwa ikikokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, halafu VAT juu yake. Tuseme Harrier hiyo ina thamani ya milioni 35. Bima kubwa ya binafsi inakuja 1,225,000, na VAT ya asilimia 18 inaifikisha 1,445,500. Hapo bado hatujagusa bima ya gari la kukodisha, ambayo ni ghali zaidi kwa sababu gari linashikwa na mikono mingi isiyolijua. Sasa utaona ile nusu ya bei imetoka wapi. Rafiki wa shemeji si mkarimu kuliko kampuni. Kuna gharama ambayo kampuni imelipa na yeye hajalipa, na siku ya ajali gharama hiyo inahama kwenda kwako.

Kwenye matumizi ndipo penye kaa la moto. Tuchukulie kwamba Harrier ina bima kubwa kweli, ya kampuni inayoheshimika, na haijaisha muda. Kama imekatwa kwa matumizi binafsi, mkataba wake karibu kila mara utakuwa na kifungu kinachosema gari halitumiki kwa kukodisha wala kubeba abiria kwa malipo. Ukishampa mwenyewe pesa ili uendeshe, umetoka nje ya mkataba huo. Bima ipo, imelipiwa, na kwako wewe ni sawa na haipo.

Miaka michache nyuma nililetewa faili ya kijana aliyekuja likizo kutoka Marekani. Alikodi Rav4 kwa mtu, kwa njia kama hii yako, akagongana na lori upande wa Bunju. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu, lakini gari liliharibika kiasi kwamba kulitengeneza isingelipa. Kijana mwenyewe ni mkweli, kalelewa vizuri. Polisi walipochukua maelezo yake akaandika kwa mkono wake: "Gari hili nimelikodi kwa siku kumi." Sentensi moja. Kampuni ya bima ilipoisoma ikafunga faili, na nisingeweza kuilaumu, kwa sababu mkataba ulisema binafsi. Mwenye gari akamgeukia kijana, kijana akarudi Marekani na deni la gari zima, na binamu aliyewakutanisha hadi leo hapigiwi simu na upande wowote.

Nikisimulia hii watu huniambia, "Si angesema tu ameazimwa?" Usinifanyie hivyo, mdogo wangu. Kusema uongo polisi ni kosa, kumdanganya mwenye bima kunaua dai lote, na mkaguzi wa madai akitaka kujua kama pesa ilitembea ataomba kuona miamala ya simu. Tumeshaiona hiyo sinema.

Kuna njia moja inayokubalika. Kama shemeji mwenyewe ana gari, lina bima kubwa ya binafsi, na anakuazima bila malipo kama ndugu, hapo unaingia kwenye kundi la dereva aliyeruhusiwa na mwenye gari, ambalo mikataba mingi inalikubali alimradi dereva ana leseni hai. Mwambie apige simu kwa wakala wake wa bima kabla hujatua, aulize kama kuna masharti ya umri au ya majina ya madereva. Ukimjazia mafuta na kumfanyia sevisi kabla ya kumrudishia hiyo ni heshima. Ukimtumia laki kila siku, hiyo ni biashara.

Namna ya kuhakiki ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, na unaweza kuifanya ukiwa hukohuko Reading. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kielektroniki unaoitwa TIRA MIS. Unaingiza namba ya gari, unaona kama bima ipo, ya kampuni gani, inaanza lini na inakwisha lini. Stika siku hizi ni ya kielektroniki, kwa hiyo kikaratasi kwenye kioo kisikutie moyo, na kukosekana kwake kusikutishe. Angalia tarehe ya mwisho: bima inayokwisha tarehe 24 Desemba na wewe uko Same njiani ni balaa ya kujitakia. Ukishaona ipo, omba nakala ya mkataba wenyewe kwa WhatsApp na utafute mstari wa matumizi. Ukisoma binafsi, umeshapata jibu. Mwenye gari akianza kusema nakala iko kwa wakala, wakala yuko safari, basi hilo nalo ni jibu.

Rangi ya kibao cha namba nayo inasema kitu. Magari ya binafsi yana kibao cha njano, ya biashara cheupe. Sisemi umalize kesi kwa rangi, ila mtu anayekukodisha gari la kibao cha njano una haki ya kumuuliza bima yake inasemaje, na akijibu kwa hasira usimrudie.

Omba pia kuona kadi ya gari, jina lililoandikwa humo na kitambulisho cha anayekukabidhi funguo. Hii si kwa ajili ya wezi tu. Magari mengi mjini yako kwenye mikopo, kadi asilia imekaa kwa mkopeshaji, na mengine yamefungwa vifaa vya kuyafuatilia na hata kuyazima kwa mbali. Mwenye gari akichelewesha rejesho, anayekamatwa barabarani ni wewe na watoto nyuma na mabegi juu. Nimeliona hilo Kibaha, na familia ile ilimalizia safari kwenye basi.

Kwa kuwa uliondoka 2014, nikuondolee na jambo moja: usitafute road license kwenye kioo. Ada ile ya kila mwaka ilifutwa 2017, siku hizi inalipwa ndani ya bei ya mafuta. Nina mjomba alirudi kutoka Muscat akakataa gari zuri kabisa kwa sababu halikuwa na "road". Tulicheka wiki nzima.

Sasa leseni. Ile ya Bongo iliyoisha iache droo. Ukiitoa barabarani umejitangazia kosa, na kwa upande wa bima leseni iliyoisha ni kama hakuna leseni. Kuihuisha kunakupeleka TRA, na kama ulishachukua uraia wa Uingereza kunakuja na maswali mengine ya vitambulisho, yote hayo kwa likizo ya wiki tatu. Endesha kwa leseni ya Uingereza ukiambatanisha kibali cha kimataifa cha kuendesha. Kibali hicho kinatolewa hukohuko, kwenye maduka ya PayPoint, kwa pauni 5.50. Beba leseni yako ya kadi na picha ya pasipoti, waambie unakwenda Tanzania ili wakupe cha mkataba unaotakiwa, maana viko vya aina zaidi ya moja. Ukishafika Dar umechelewa, hapa hakuna wa kukutolea kibali kwa leseni ya Uingereza. Na kibali bila leseni yenyewe hakina maana, kwa hiyo tembea na vyote viwili.

Halafu angalia nyuma ya leseni yako. Wengi waliojifunza huko walifanya mtihani kwa gari la otomatiki, na leseni yao inaruhusu otomatiki pekee. IST, Harrier, Noah, karibu zote hapa ni otomatiki, hivyo mjini hutapata shida. Ila ukifika Moshi baba mkwe akakupa pikapu ya gia uende nayo shambani, kataa kwa adabu. Siku hiyo leseni yako haikutambui, na bima ya pikapu haitakutambua pia. Kama wifi yangu naye ataendesha, awe na kibali chake, na jina lake liingie kwenye mkataba wa kukodi. Dereva wa pili asiyeandikwa ni sababu ninayopenda sana, nikiwa upande wa kampuni, kukatalia dai.

Kuhusu kadi yako ya benki. Sijaiona, kwa hiyo chukua masharti yake usome sehemu tatu. Kwanza orodha ya nchi, kwa sababu bima nyingi za namna hiyo zina nchi zisizohusika. Pili, wanasema nini kuhusu aliyekukodisha. Nyingi zinataka kampuni iliyosajiliwa ya kukodisha magari, na mkataba wenye jina lako uliolipwa kwa kadi hiyohiyo. Rafiki wa shemeji uliyemtumia pesa kwa simu hayumo. Tatu, inalipa nini hasa. Mara nyingi inarudisha ile sehemu ya hasara unayobeba wewe kabla bima ya gari haijaanza kulipa, ambayo sisi tunaiita eksesi. Maana yake bima ya kadi inakaa juu ya bima kubwa ya gari. Kama chini hakuna kitu, juu hakuna pa kukaa. Kama una bima ya safari, hiyo ni ya matibabu na mabegi. Ziko nyingi zinazotaja waziwazi kwamba madhara utakayomfanyia mtu kwa gari si kazi yao. Na bima ya gari lako la Reading inabaki Reading.

Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekupangia hivi. Siku za Dar usikodi gari la kuendesha mwenyewe kabisa. Umekaa miaka zaidi ya kumi nje, mji umebadilika: kuna barabara za juu Tazara na Ubungo, daraja la Kigamboni, njia za mwendokasi Morogoro Road, Kilwa Road na Nyerere Road, ambazo ukiingia na gari dogo trafiki anakusubiri mwisho wake. Bodaboda wanapita pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kutoka Tabata kwenda Posta asubuhi utakaa kwenye foleni huku gari la kukodi likihesabu siku. Chukua teksi za kwenye simu kwa mizunguko midogo, na siku ya kuzungukia ndugu watano kodi gari na dereva. Gari likija na dereva wake, mkwaruzo ni wa dereva na tajiri yake, wewe unakula miwa yako kiti cha nyuma. Wanaume wa ughaibuni hawapendi kusikia hili, wanataka waonekane wameshika usukani. Haya, utaushika kwenda Moshi.

Kwa safari ya Moshi kodi kwa kampuni yenye ofisi unayoweza kuingia, siku zile tu unazozihitaji, na ulipie mapema. Desemba unajua mwenyewe jinsi Wachagga wanavyohama mji, wiki ya Krismasi gari zuri halipatikani kwa bei ya kawaida wala kwa kubembeleza. Mkataba wao usome wote, na haya uyasake. Je, unaruhusiwa kutoka nje ya Dar? Magari mengi ya bei nafuu yanakodishwa kwa Dar peke yake, na ukivuka Kibaha bila ruhusa umevunja mkataba. Eksesi ni kiasi gani? Waulize kwa mfano hai: "Nikivunja taa na bampa, fundi akasema milioni mbili, mimi natoa ngapi?" Kama jibu ni asilimia 10 ya hasara lakini si chini ya laki tano, basi laki mbili ulizokuwa umezipigia hesabu kichwani si zako, utatoa laki tano. Uliza eksesi ya gari kuibwa kivyake, kwa kuwa huwa kubwa zaidi. Vioo, tairi na saiti mira mara nyingi vina masharti yao, na saiti mira ndicho kitu kinachoibwa au kung'olewa kuliko vyote.

Kingine ambacho karibu hakuna anayekiuliza ni siku za gereji. Gari likikaa kwa fundi wiki tatu likisubiri spea, bima inalipa fundi, hailipi biashara aliyopoteza mwenye gari. Mikataba mingine inamtwika mteja kodi ya siku zote hizo. Nimeona bili ya siku za gereji ikizidi bili ya fundi. Kama kifungu hicho kipo, omba kiwekewe kikomo, siku tano au saba, na kiandikwe kabla hujatia sahihi. Watakubali zaidi ya unavyodhani.

Kama mna mpango wa kutoka Moshi kuvuka Holili kwenda Taveta na Mombasa, sema mapema. Bima ya Tanzania haivuki mpaka peke yake, inahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, na mwenye gari lazima akupe barua ya ruhusa. Kama huna uhakika wa kwenda, usiende.

Viti vya watoto njoo navyo. Huyu wa miaka minne asikae mapajani kwa mtu kilomita zaidi ya 500. Mashirika mengi ya ndege hubeba kiti cha mtoto bila kukutoza, lakini waulize wa kwenu.

Siku ya kupokea gari usikubali kukabidhiwa usiku uwanja wa ndege, umechoka, watoto wanalia, mama anakusubiri nje na kanga mpya. Lipokee kesho yake mchana. Zunguka na simu ukirekodi polepole, ukitaja tarehe: kila mkwaruzo, rimu, kioo, kilomita, kiwango cha mafuta. Fungua nyuma uone spea tairi ina upepo, jeki ipo, spana ya tairi inaingia kwenye nati za gari hilo. Viakisi vya pembetatu na mtungi wa kuzimia moto viwepo, trafiki anaviulizia. Video hiyo mtumie mwenye gari mkiwa mmesimama hapohapo. Pesa ya dhamana iingie kwenye akaunti au lipa namba yenye jina la kampuni, na risiti utoke nayo. Pasipoti usimwachie mtu. Nakala inatosha, na anayeng'ang'ania pasipoti halisi mwachie gari lake.

Ikitokea ajali, Mungu aepushe, mambo yanaharibika katika nusu saa ya kwanza. Watu watajaa, kila mmoja ni shahidi na kila mmoja ana hukumu. Aliyeumia kwanza. Apelekwe hospitali, na polisi watoe fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu yake. Piga picha magari yakiwa pale yalipo, mpigie mwenye gari, subirini trafiki aje apime. Utaambiwa "tumalizane". Nikuambie ukweli ambao wenzangu wa bima hawapendi niuseme: bampa likikwaruzwa kidogo, hakuna aliyeumia, na hasara iko chini ya eksesi, kumalizana kuna akili, maana bima isingelipa kitu. Lakini mwenye gari aridhie kwanza, na mwandikishane. Akiwepo mtu aliyeumia hata kama anasema hajambo, usimalizane kamwe. Anayesema hajambo saa nne asubuhi, jioni ana ndugu kumi kituoni, nawe huna ripoti. Wala usiandike popote "nimekosa, nitalipa", kwa kuwa kampuni ya bima inaweza kukataa kubanwa na ahadi uliyoitoa bila kuiuliza. Eleza kilichotokea, basi. Usiondoke kabla hujajua namba ya jalada, kwa kuwa ripoti ya polisi, mchoro wa ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari ndivyo vitakavyodaiwa, na wewe utakuwa umeshapanda ndege. Dai likikataliwa bila haki, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, lakini anayekwenda huko kwa kawaida ni mwenye bima, na wewe utabaki shahidi.

Njiani kwenda Moshi msipitie Chalinze kama mnaweza. Piteni Bagamoyo mtokee Msata, mtakwepa foleni ya Mbezi na Kibaha. Tokeni saa kumi na moja alfajiri, giza lisiwakute Same, hasa kwa kuwa tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku na barabara ni ileile. Kwenye kila kijiji kuna kibao cha 50, na baada ya kibao kuna trafiki na tochi ya kupimia mwendo. Usitegemee magari ya mbele yanayokuwashia taa. Faini ni 30,000 kwa kosa, unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu, hulipi mkononi kwa mtu.

Faini hizo zinaandikwa kwa namba ya gari pia, kwa hiyo siku ya kupokea ingia kwenye mfumo wa TMS wa Jeshi la Polisi, weka namba ya gari, piga picha ya deni lililopo. Wapo wanaokukabidhi gari lenye madeni ya mwaka mzima, halafu wanayakata kwenye dhamana yako. Siku ya kurudisha angalia tena mbele ya mwenye gari, lipa ya kwako, na dhamana yako irudi siku hiyohiyo, kabla ya siku yako ya ndege. Kwa hiyo rudisha gari Jumanne kama ndege ni Alhamisi. Jumatano unaibakiza kwa ajili ya kudai.

Shemeji naye usimkatishe tamaa, amekutafutia kwa nia njema. Mwambie akusindikize kwenye hiyo kampuni siku ya kusaini. Bei ya mkaazi na bei ya mtu aliyetua jana na begi la magurudumu hazifanani, na hapo ndipo msaada wake utakapoonekana.